Hewa ya Oicha na verni ya gari

Gari likitoka kwa fundi wa rangi pale Oicha na verni imepauka, imetoboka vitundu au imeteremka michirizi, lawama hugawanywa haraka. Mteja husema fundi alinunua verni ya bandia. Fundi husema kopo lilichakachuliwa kabla halijafika dukani. Muuza duka husema fundi hajui kuchanganya. Ni nadra kumsikia mtu akitaja kile kilichoibeba verni kutoka kwenye kikombe cha pistole, yaani chombo cha kupulizia rangi, hadi kwenye bati, nacho ni hewa. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya kasoro hizi hutoka humo: kwenye hewa iliyobanwa ndani ya kompresa, kwenye hewa ya mahali na ya saa ile, na hatimaye kwenye hewa anayovuta fundi mwenyewe, ambayo madhara yake hayaonekani kwenye boneti.

Oicha ni makao makuu ya territoire ya Beni, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayoendelea hadi Eringeti na Komanda. Iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, msitu umeizunguka, na mvua huinyeshea karibu mwaka mzima. Makopo ya rangi na verni hufika huko kwa njia ya Kasindi kutoka Uganda, au kupitia wafanyabiashara wa Butembo wanaofuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou. Basi kopo limetengenezwa kwa ajili ya chumba maalumu cha kupulizia, chenye vichujio, feni na joto linalopimwa, nalo linafunguliwa chini ya turubai kando ya barabara ya vumbi jekundu, jenereta ikinguruma hatua chache tu kutoka hapo.

Verni inayotumika leo kwenye magari mengi ni ya sehemu mbili. Kopo kubwa lina utomvu wa akriliki. Kopo dogo lina dirsisere, yaani dawa ya kugumisha, ambayo ndani yake mna kemikali za jamii ya isosayaneti. Zikikutana, hufungana na kuwa poliyurethani, jamii ya plastiki iliyobuniwa na Mjerumani Otto Bayer mwaka 1937 huko Leverkusen. Hiyo ndiyo tofauti yake na verni ya zamani iliyokauka kwa kupoteza kimiminika tu. Hii ya sasa hufanya kazi ya kikemia juu ya gari, saa baada ya saa, na kazi hiyo huathiriwa na joto, maji na haraka ya binadamu.

Maji ndiyo ya kwanza. Hewa ya Oicha baada ya mvua, kwa joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 85, ina karibu gramu 20 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa inaponyonya hewa hiyo na kuibana hadi bari 8, maji hayapungui. Kilichopungua ni nafasi ya kuyabeba. Hewa ile ikishapoa, gramu 17 hivi katika kila mita ya ujazo hugeuka matone. Pistole ya kawaida hula kama lita 300 za hewa kwa dakika. Fundi akipuliza kwa dakika 20, amepitisha mita za ujazo sita, na humo mmetoka karibu gramu 100 za maji, ambazo ni kama theluthi ya chupa ndogo ya soda. Maji hayo lazima yaende mahali fulani. Yakibahatika hubaki chini ya tangi, na yasipobahatika huishia kwenye verni.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba wanalo chujio, wamelifunga, na bado matone yanatokea. Mara nyingi chujio limefungwa mahali pabaya. Wamelikaza kwenye kompresa yenyewe, pale hewa inapotoka ikiwa bado ya moto. Hewa ya moto hubeba maji yake kama mvuke, hivyo hupita kwenye chujio bila kuacha kitu. Maji huonekana baadaye, hewa inapopoa ndani ya mpira, na wakati huo chujio liko nyuma. Kompresa ndogo yenye tangi la lita 50 huzidisha tatizo, kwa sababu inanguruma bila kupumzika na tangi zima linakuwa la moto. Dawa yake si ya gharama kubwa. Hewa itoke kwenye tangi ipite kwenye bomba la chuma la mita kadhaa, lililoinuliwa ukutani na kuinama kidogo kurudi kwenye tangi, ipoe humo, ndipo ifike kwenye chujio upande wa mwisho karibu na fundi. Halafu ile koki ya chini ya tangi ifunguliwe kila asubuhi na kila baada ya kazi. Kuna mafundi wasioifungua wiki nzima. Siku wanapoifungua, hutoka maji ya kahawia yenye kutu na mafuta, na kumbe wamekuwa wakiyapulizia magari ya watu siku zote hizo.

Matone ya maji yakiangukia verni mbichi, isosayaneti huyakimbilia kabla ya kuufikia utomvu. Katika kukutana kwao hutoka gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayopanda kwenye soda, na inaacha vipovu vidogo vidogo ndani ya verni. Mng'aro hufifia, na pengine ukungu mweupe hutanda. Jambo hilohilo hutokea ndani ya kopo la dirsisere lililoachwa wazi. Dirsisere nzima ni angavu. Ikiwa na ukungu, ikiwa na punje chini ya chupa au imeanza kuwa kama uji mzito, imekwisha kunywa unyevu wa hewa na haifai tena, hata kama imebaki nusu. Ndiyo maana dirsisere iliyopimwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye chupa iliyowahi kuwa na kitu kingine ni ya kuogopwa. Bei yake ni nafuu dukani, lakini mtu hulipa kwa kupaka upande mzima mara ya pili.

Hewa iliyobanwa hubeba pia mafuta. Ringi za pistoni ya kompresa zikichakaa, mafuta hupanda na kuingia kwenye tangi. Jenereta ikiwekwa karibu na mdomo wa kompresa, moshi wake hunyonywa pamoja na hewa. Kipimo chake ni rahisi: chukua kioo safi, kipulizie hewa tupu ya mpira kwa nusu dakika, kisha kiinamishe kwenye mwanga. Doa lolote la unyevu au mafuta utaliona hapo. Ukiona doa, gari lisubiri.

Mafuta ndiyo chanzo cha kasoro inayowakera mafundi kuliko zote, ile wanayoiita macho ya samaki. Verni inamwagika vizuri, halafu mbele ya macho inakimbia na kuacha viduara, kila kimoja na nukta katikati. Mafuta ya kompresa ni sababu mojawapo, lakini adui mkubwa ni silikoni. Imo kwenye dawa ya kung'arisha matairi, kwenye ile ya kupulizia dashibodi, kwenye baadhi ya mafuta ya nywele na losheni za ngozi. Kiasi kisichoonekana kwa jicho kinatosha. Kijana anayeosha pikipiki garaji ya jirani na kung'arisha matairi kwa dawa ya kupuliza anaweza kuharibu boneti iliyo mita kumi kutoka kwake, upepo ukiwa wa upande huo.

Kwa upande wetu huku kuna pia mawese. Lori lililobeba mitungi ya mawese au magunia ya kakao limelowa mafuta hadi kwenye mishono ya bati, na petroli haiyatoi, huyatandaza tu. Gari la namna hiyo lioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, likauke, kisha lipanguswe kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya kuguswa na msasa. Hapa mafundi wengi hukosea mpangilio. Wanapiga msasa kwanza kisha ndipo wanasafisha, wakati msasa umeshayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kupangusa nako kuna adabu yake: kitambaa kimoja chenye dawa, kingine kikavu kikifuata nyuma mara moja kabla dawa haijakauka. Ukitumia kitambaa kimoja, unayahamisha mafuta kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Macho ya samaki yakitokea katikati ya kazi, kishawishi ni kuyazika kwa verni nzito. Hayazikiki. Verni hukimbia tena, na safari hii unaongeza michirizi. Afadhali kusimama. Kama ni machache, koti jepesi sana, karibu kavu, lililopulizwa kutoka mbali kidogo na kuachwa lishike, linaweza kuyafunika, kisha koti la kawaida likafuata. Kama yamejaa, acha verni ikauke kabisa, piga msasa hadi viduara vyote viishe, safisha upya na urudie. Kuna dawa za kuchanganya kwenye verni ili kuyazuia, na nyingi kati yake zenyewe ni silikoni. Sizipendi. Ukiitumia leo, pistole yako na karakana yako vimeshachafuka, na kesho utaihitaji tena.

Ganda la chungwa na michirizi naviweka pamoja, kwa kuwa fundi anayekimbia kimoja huangukia kingine. Ganda la chungwa hutokea verni inapofika kwenye bati ikiwa nzito au nusu kavu, ikakosa muda wa kujilaza: presha ndogo, pistole iliyo mbali, verni nene, au dirsisere ya haraka kwenye joto. Michirizi hutokea inapofika nyingi mno. Pistole ikae umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono utembee sambamba na bati bila kupinda kifundo, na kila mpito ufunike nusu au zaidi ya ule uliotangulia. Ncha ya milimita 1.3 au 1.4 inatosha. Vyote viwili hutibika verni ikishakomaa: msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha. Mchirizi usiuguse ukiwa mbichi ndani, utaung'oa hadi kwenye rangi.

Vitundu vidogo kama vya sindano ndivyo vinavyohitaji kueleweka zaidi, maana Oicha ina sababu zake za pekee za kuvizaa. Kisayansi jambo lenyewe si gumu. Verni ikipulizwa nene, au koti la pili likifuata kabla la kwanza halijapumua, au gari likisukumwa juani ili likauke upesi, juu hufunga utando kama wa maziwa yaliyochemka, huku chini kimiminika bado kinataka kutoka. Kinatoka kwa nguvu, na kila kinapopenya kinaacha kitundu. Kupiga polishi hakusaidii; kunafungua vitundu zaidi na kuvijaza unga mweupe.

Kopo husema koti mbili zenye mapumziko ya dakika tano hadi kumi kati yake, na muda wa kukauka unaoandikwa humo umepimwa kwa joto la nyuzi 20. Watu husahau sharti hilo la nyuzi 20. Kila joto likiongezeka kwa nyuzi kumi, kazi ya kemia huenda mbio mara mbili hivi. Kwenye nyuzi 30 za saa saba mchana, dirsisere ya haraka iliyokusudiwa kwa msimu wa baridi wa Ulaya hufunga verni kabla haijapumua, na boneti nyeusi iliyoanikwa juani huwa na joto la kuunguza kiganja. Dirsisere huja za aina tatu, ya polepole, ya kawaida na ya haraka, na imeandikwa kwenye lebo. Kwa mchana wa Oicha ya polepole ndiyo inayofaa. Ile ya haraka huuzika zaidi kwa sababu mteja ana haraka.

Nayo haraka ya Oicha si ya tamaa. Eneo hili limeishi na mauaji tangu mwishoni mwa mwaka 2014. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na kwa vipindi magari ya njia ya Eringeti na Komanda yamekuwa yakipita kwa misafara inayosindikizwa na wanajeshi. Dereva aliyegongwa ubavuni, au aliyeparuzwa na lori lililokuwa likikwepa shimo, hawezi kumwambia fundi kwamba atarudi Jumatatu ijayo. Msafara ukiondoka kesho alfajiri bila yeye, amebaki na mzigo unaooza. Anamwambia fundi, "Papa, nifanyie upesi, nitavumilia." Na fundi, ambaye naye anaijua barabara hiyo ya hofu, anakubali. Anapuliza koti mbili nzito mfululizo, anaweka gari juani, na jioni anakabidhi ufunguo.

Simlaumu dereva, wala simlaumu fundi. Lakini nadhani kuna njia iliyo bora kuliko hiyo. Gari linaloondoka kesho lipewe rangi ya kuzuia kutu tu, au rangi ya chini, na verni ingojee gari litakaporudi. Itabidi wakati huo rangi ipigwe msasa mwepesi na kupakwa tena, maana rangi iliyokaa zaidi ya siku moja haishiki verni ipasavyo; lakini hilo ni dogo kuliko kukwangua ubavu mzima. Kama verni haina budi kupakwa leo, basi koti moja la wastani na jingine baada ya robo saa, kivulini, na dereva aambiwe asioshe gari wala kulifunika turubai kwa siku kadhaa. Turubai juu ya verni changa huacha alama za mikunjo ambazo hazitoki kwa polishi.

Kuna kasoro zisizojitokeza siku hiyo. Gari linang'aa linapoondoka, na baada ya wiki linapauka. Hapo sababu huwa ni rangi ya chini iliyofunikwa ikiwa bado mbichi, dirsisere iliyopunguzwa ili kuokoa pesa, au thina isiyofaa. Thina ya rangi za zamani za selulosi inatiwa kwenye verni ya sehemu mbili, na wakati mwingine inatiwa petroli, ileile inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara na wale tunaowaita Kadhafi. Petroli huacha mabaki yasiyokauka na huinyima verni nguvu. Uwiano wa kuchanganya uko kwenye kopo, mara nyingi sehemu mbili za verni kwa moja ya dirsisere, nyingine nne kwa moja, na haubadilishwi kwa ladha ya mtu. Chombo chenye alama za vipimo, hata ndoo ndogo angavu iliyochorwa kwa rula, ni bora kuliko jicho la fundi wa miaka 20.

Na kuna rangi inayojikunja mara tu verni inapoigusa. Hiyo hutokea kwenye magari yaliyowahi kupakwa rangi ya mafuta ya mlangoni na madirishani, jambo la kawaida kwenye malori yetu. Kabla ya kuanza, lowesha kitambaa kwa thina na usugue mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika na kubaki kwenye kitambaa, verni itaikunja. Iondolewe, au itengwe kwa rangi ya kati ya sehemu mbili.

Magari ya mitumba kutoka Japani na Dubai huleta taabu nyingine, verni ya kiwandani inayobanduka kama magamba juu ya paa na boneti, ambako jua la ikweta limepiga zaidi. Wengi hukwangua magamba yaliyolegea, hulainisha ukingo na kupaka mpya juu yake. Ukingo ule utainuka tena ndani ya miezi michache. Verni ya zamani iliyoanza kubanduka iondolewe yote kwenye kipande hicho cha bati. Hakuna mkato.

Sasa vumbi. Barabara haisimami, pikipiki zinapita, mbao za Ituri zinapita. Mafundi humwaga maji chini ili kulaza vumbi, na hapo huongeza unyevu uleule uliotajwa mwanzo. Ninachoona kinafaa ni kumwagia njia ya kuingilia na eneo la nje mapema, nusu saa kabla, wala si chini ya gari wakati wa kupuliza. Turubai liwe safi, lisiwe lile lililoanikiwa kakao juzi. Punje chache za vumbi hazimwui mtu. Hupigwa msasa namba 2000 na kung'arishwa. Kupuliza usiku kwa taa ili kukwepa vumbi kuna malipo yake, maana wadudu wa msituni hufuata mwanga na kuganda kwenye verni, miguu na mabawa.

Saa inayofaa Oicha ni asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, ukungu ukishainuka na upepo wa mchana haujaamka. Kabla ya hapo bati huwa baridi kuliko hewa na umande hulikalia bila kuonekana. Jaribio lake ni kupitisha kitambaa chenye unyevu juu ya bati na kuutazama mstari wa maji. Ukikauka ndani ya robo saa, endelea. Usipokauka, kunywa chai kwanza.

Nimesema kuna hewa ya tatu. Chombo tunachokiita pistole ya rangi kina asili ya kitabibu. Mwaka 1888 daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, nchini Marekani, alianzisha kampuni ya kutengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa wake. Mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza kuwa pistole ya rangi mwaka 1907. Kifaa kilichobuniwa ili kimiminika kifike ndani ya koo hakijapoteza uwezo huo. Kinavunja verni kuwa ukungu mwembamba kiasi cha kufika mwisho wa mapafu, na ndani ya ukungu huo mna isosayaneti.

Isosayaneti ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Nchini Uingereza, mamlaka ya usalama kazini imekadiria kwamba wapulizaji rangi za magari wana hatari ya kupata pumu takriban mara 80 zaidi ya wafanyakazi kwa jumla. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 24 Agosti 2023, unamtaka kila anayetumia bidhaa hizi kikazi apate mafunzo kwanza. Huku kwetu bidhaa zilezile huuzwa bila hata lebo ya lugha inayosomeka.

Watu wa Beni na Oicha wanajua maana ya barakoa kuliko wengi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na ikaisha Juni 2020, iliwafundisha. Kisha ikaja korona. Kwa sababu hiyohiyo naona uchungu kumwona fundi akipuliza verni na barakoa ya karatasi ya hospitali, akiamini amejikinga. Ile huzuia mate. Mvuke wa verni huipita kana kwamba haipo, na kitambaa kilicholoweshwa maji ni vivyo hivyo. Kunywa maziwa baada ya kazi, desturi iliyoenea kwa mafundi wa Afrika Mashariki, hakuna kinachofanya, kwani maziwa yanakwenda tumboni na sumu iko kwenye mapafu. Kinachotakiwa hasa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pengine. Asiyeweza kuipata avae angalau barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa pamoja na vya chembechembe, inayoshika uso ulionyolewa, vichujio vikibadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa isosayaneti haina harufu ya kumwonya mtu kwamba kichujio kimechoka. Na mtu asijitengenezee kofia ya hewa kwa kuunganisha mpira wa kompresa ileile iliyo karibu na jenereta. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, na huo huua siku hiyohiyo.

Ukungu wa verni hubaki hewani baada ya pistole kunyamaza, hata usipoonekana. Kijana anayejifunza kazi, ambaye kwa kawaida ndiye anayeshika mpira na kuzunguka gari bila barakoa yoyote, asiwepo kabisa wakati wa kupuliza, na asirudi chini ya turubai kabla ya nusu saa. Fundi asimame upepo ukitoka mgongoni mwake. Mama anayeuza ndizi mlangoni mwa garaji ahamishwe na meza yake.

Pumu hii huanza kwa siri. Kifua hubana jioni au usiku, saa kadhaa baada ya kazi, hupungua siku ya mapumziko na kurudi siku ya kazi. Mtu ambaye mwili wake umeshaikataa isosayaneti anaweza kushikwa vikali kwa kiasi kidogo sana, na hapo hana budi kuiacha kazi ya kupuliza, hata kama ataendelea na msasa na mastiki. Kwenye hospitali kuu ya Oicha, kikohozi kinachodumu hukumbusha kwanza kifua kikuu, na ni haki yake katika eneo hili. Kwa hiyo fundi anayekohoa usiku amweleze daktari kazi anayoifanya na saa kifua kinapombana, na aende na lebo ya kopo la dirsisere, aliyoibandua kabla kopo halijatupwa.